Taarifa inasema zahanati yetu imefika asilimia 85. Nani anaipima halmashauri?

Mama Furu aliandika:

Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa, shikamooni.

Mimi nauza dagaa, kando ya ziwa huku mkoani Mwanza. Halmashauri yangu sitaitaja, kwetu ni padogo na hawa watendaji tunakutana nao kanisani kila Jumapili.

Wananchi tulijenga boma la zahanati ya kijiji kwa nguvu zetu mpaka lenta. Mawe hayakutusumbua, nchi hii mawe yapo hata usipoyataka, na kokoto waligonga akina mama. Baadaye serikali ikaleta milioni 50 za kumalizia. Kazi ikaenda kwa force akaunti, yaani bila mkandarasi, kijiji chenyewe kinanunua vifaa na kumlipa fundi, tukachagua kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi nipo ya mapokezi. Gari likija na saruji tunahesabu mifuko, tunaandika kwenye daftari, tunasaini, ndipo fundi anakabidhiwa.

Juzi nimepita ofisi ya kata nikakuta karatasi ubaoni, taarifa ya utekelezaji wa miradi, robo ya tatu. Mstari wetu unasema hivi: fedha iliyopokelewa 50,000,000, iliyotumika 42,500,000, utekelezaji asilimia 85, mradi unaendelea vizuri.

Unaendelea vizuri! Bati zipo, nimezipokea mimi mwenyewe. Plasta ya ndani ipo, ya nje bado upande wa ziwani wote. Dari hakuna. Milango imekuja miwili, imeegeshwa stoo kwa mwenyekiti wa kijiji. Choo ni shimo. Kichomea taka hakijaanza, na shimo la kondo la nyuma hata kupimwa halijapimwa. Hakuna mama atakayejifungulia pale mwaka huu. Kwa macho yangu kazi imefika nusu na kitu.

Nimemuuliza mtendaji wa kata, akasema takwimu zinatoka halmashauri. Mtu mmoja wa halmashauri nikampigia, akasema takwimu zinatoka kata.

Swali langu si la kumtafuta mwizi, tafadhali tusianze hayo. Nauliza halmashauri inajipimaje yenyewe. Mwaloni kwetu mwenye mtumbwi hajazi ndoo ya dagaa peke yake gizani, mnunuzi anasimama palepale anaangalia inavyojazwa. Huku kwenye miradi, anayesimama pale ni nani?

---

Sangara Mkavu alijibu:

Imepikwa hiyo. Wanakaa ofisini wanagawana asilimia kama pipi. Pole sana dada yangu.

---

Karani Mstaafu alijibu:

Marahaba binti. Na wengine mwangaluka.

Haikupikwa. Chukua simu yako, gawa 42,500,000 kwa 50,000,000. Umeona? Ile asilimia 85 ni ya pesa. Jengo lenu halikupimwa na mtu yeyote.

Nimekuwa mwandishi wa vikao katika halmashauri za Kanda hii tangu enzi za stensili, na jambo hili nimeliona likizaliwa. Jedwali la taarifa ya robo lina safu ya fedha iliyotengwa, iliyopokelewa, iliyotumika, halafu safu ya hatua iliyofikiwa. Safu tatu za kwanza hazina kazi ngumu. Zamani mhasibu alizitoa kwenye leja, siku hizi mfumo wa malipo, MUSE, unazitoa kabla chai haijapoa. Safu ya nne inataka mtu wa ujenzi apande gari aende akaangalie. Mhandisi wa halmashauri ana madarasa, nyumba za walimu, vituo vya afya, na gari ambalo leo limepelekwa mkoani kufuata mgeni. Taarifa inatakiwa Ijumaa. Basi anayejaza jedwali anachukua asilimia ya fedha na kuihamishia safu ya nne, na hakuna anayemuuliza maana namba ni ya kweli. Ni namba ya kweli ya kitu kingine.

Sasa nani anaipitia hiyo taarifa. Kwa karatasi, watu wengi mno. Inaanzia serikali ya kijiji, inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata. Inakwenda kwa wakuu wa idara, wanaijadili kwenye Timu ya Menejimenti, kisha kamati ya kudumu. Yenu itapita Elimu, Afya na Maji. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inakaa kila mwezi. Mwisho Baraza la Madiwani, kila robo mwaka. Juu yake sekretarieti ya mkoa, TAMISEMI, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Hao wote wanasoma karatasi ileile iliyotoka kwa yule kijana wa Ijumaa.

Pana mahali pamoja tu ambapo madiwani wanatoka kwenye karatasi, nayo ni ziara ya kamati kukagua miradi kila robo. Hiyo naomba niieleze vizuri, kwa sababu watu huidharau wakidhani ni posho tupu, na mimi naiona ndiyo chombo pekee chenye meno, ila meno yenyewe hayatumiki.

Basi linatoka saa nne badala ya saa mbili. Miradi sita kwa siku, barabara za vumbi, mwingine uko kisiwani wanahitaji mtumbwi, huo unarukwa. Mkifika, diwani wa kata anawapokea na akina mama wanaimba. Mtendaji anasoma taarifa ya mradi, ileile yenye asilimia. Wanapita mlango wa mbele kwa sababu ndio umepakwa rangi. Mhandisi anaulizwa mawili matatu kuhusu nondo. Picha ya pamoja, soda, tunaondoka. Nyuma ya jengo nadra mtu kufika.

Na sababu yake wengi hawaijui. Diwani mwenye kata ndiye anayelijua jengo kuliko wote pale, lakini yeye ndiye mwenye hamu ndogo ya kusema ujenzi umekwama. Akiusema vibaya mradi wake mbele ya wenzake, anaogopa mgao ujao utakwenda kata nyingine yenye "utekelezaji mzuri". Kwa hiyo anashukuru serikali. Wenzake nao wananyamaza, maana kesho basi linakwenda kwao.

---

Sangara Mkavu alijibu:

Mzee nimegawa. Ni 85 kweli. Nimekaa kimya.

---

Binti Kisiwani alijibu:

Nimekuwa diwani wa viti maalum, nimemaliza muda wangu salama. Mzee Karani amesema vizuri, ila madiwani amewaonea kidogo.

Mkurugenzi hateuliwi na madiwani. Anateuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza na afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha zote. Wakuu wa idara wanamsikiliza yeye. Diwani anaingia kikaoni kumsimamia mtu ambaye hawezi kumwajiri wala kumfukuza, akitumia kabrasha lililoandikwa na mtu huyohuyo. Kanuni zinataka tulipate mapema. Mimi nimewahi kulipata usiku wa kuamkia kikao, kurasa zaidi ya mia, halafu asubuhi wanasema "waheshimiwa, taarifa mmeshaisoma, tuipokee". Nani kasoma?

Lakini zipo njia. Moja ni ajenda ya yatokanayo, ya kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita. Watu wanaiona kama kupoteza muda, kumbe humo ndimo Baraza linajihukumu lenyewe. Ukifanikiwa kuingiza kwenye muhtasari kwamba mhandisi ataleta taarifa ya kichomea taka kikao kijacho, kikao kijacho lazima waseme kitu, hata wakisema uongo, utakuwa umeandikwa. Muhtasari ukishathibitishwa, mkaguzi akija anausoma.

Nyingine ni swali la maandishi kwa mwenyekiti wa halmashauri. Swali la mdomo linajibiwa na "tumelipokea, tunalifanyia kazi". La maandishi linajibiwa na idara kwa maandishi.

Kikao cha Baraza ni cha wazi, mwananchi anaingia na kukaa nyuma, haruhusiwi kuongea tu. Cha kamati ndicho hakiingiliki. Muda wangu wote kwenye Baraza, viti vya wananchi walikaa waandishi wa habari na madereva wanaosubiri mabosi. Mama Furu njoo na wenzako wawili watatu kutoka kijijini, kaeni tu. Wataalamu wakiona sura za watu wa mradi, lugha inabadilika.

---

Robo ya Nne alijibu:

Mimi ni mkaguzi wa ndani, si huko kwenu. Ninaongeza mambo mawili, jina langu msilitafute.

Kila halmashauri ina kitengo cha ukaguzi wa ndani. Kazi yetu kwa sheria ni hiyohiyo anayouliza dada, halmashauri kujikagua kabla ya kukaguliwa. Tunatoa taarifa kila robo. Shida ni kwamba ninaripoti kwa mkurugenzi, na gari, mafuta na posho ya kwenda kuangalia zahanati hiyo vinaidhinishwa na ofisi ninayoikagua. Ipo pia kamati ya ukaguzi, inakuwa na mjumbe wa kutoka nje, ila nayo huteuliwa na afisa masuuli. Mkurugenzi mwenye nia anatutumia vizuri sana, nimefanya kazi na mmoja wa hivyo, tulikuwa tunakamata mambo kabla hayajaharibika. Asiye na nia anakuacha ukague stakabadhi za stoo mwaka mzima.

La pili ni hati safi. Kila mwaka halmashauri zikipata hati inayoridhisha wanapiga vigelegele na kutengeneza vitenge. Hati ile inasema hesabu zilizofungwa tarehe 30 Juni zimeandaliwa kwa usahihi kwa viwango vya kihasibu. Haisemi zahanati inatibu. Milioni 42.5 ikiandikwa vizuri, ikiwa na hati za malipo na saini, hesabu ni safi hata kama milango ipo stoo kwa mwenyekiti. Ofisi ya CAG ina ukaguzi wa ufanisi pia, unaoangalia thamani ya kazi yenyewe, lakini huo hauwezi kufika kila kijiji kila mwaka.

Hoja za CAG, yaani dosari anazotaka halmashauri izijibu, nazo msizipuuze. Kila mwaka taarifa yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, Aprili inawekwa bungeni, na katikati ya mwaka Baraza hukaa kikao maalum cha hoja, mkuu wa mkoa huwa anakuja. Siku hiyo ndiyo wataalamu wanatoka jasho. Mradi wenu ukiingia kwenye hoja, unafuatwa mpaka hoja ifungwe.

---

Mwana wa Nyegezi alijibu:

Niko Uingereza kwa masomo, mada hii imenigusa maana nimeisoma darasani.

Kwao England Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000 iliwagawa madiwani katika halmashauri nyingi. Wachache wanaingia baraza dogo la watendaji linaloamua, na waliobaki wanakaa kamati za kuchunguza maamuzi ya wenzao. Aliye kwenye baraza la watendaji haruhusiwi kukaa kamati ya uchunguzi. Kamati inaweza kuurudisha uamuzi kabla haujatekelezwa ukafikiriwe upya, na inaweza kuwaita maofisa waje kujieleza. Kwetu diwani huyohuyo anapitisha bajeti kwenye Kamati ya Fedha, halafu kesho anapanda basi kukagua alichopitisha.

Ila msidhani wamefika. Croydon mwaka 2020 na Birmingham mwaka 2023 zote zilitangaza rasmi kwamba haziwezi kulipa matumizi yake, na kamati hizo zilikuwepo muda wote.

---

Sangara Mkavu alijibu:

Kumbe hata wazungu basi lao linatoka saa nne.

---

Mama Furu alijibu:

Wabeja sana wote. Mzee Karani, nimegawa mara mbili nisiamini. Nikaenda kuangalia mistari mingine kwenye ile karatasi. Darasa la shule ya jirani, fedha iliyotumika ukigawa kwa iliyopokelewa unapata hiyohiyo asilimia ya utekelezaji. Nyumba ya mwalimu hivyohivyo. Ukurasa mzima!

Sasa nina mawili. Kwanza, daftari letu la mapokezi lina kila kitu kilichoingia, mpaka misumari. Je, lina uzito wowote mbele ya hao watu au ni daftari la shule tu? Pili, milioni 7.5 zilizobaki zinatosha dari, milango, choo, kichomea na shimo la kondo? Fundi anasema hazitoshi hata kwa dua.

---

Karani Mstaafu alijibu:

Daftari lako lina uzito kuliko jedwali la halmashauri, kwa sababu wewe ulisimama pale gari liliposhusha. Na jambo jingine. Kwenye force akaunti nyaraka nyingi haziko wilayani, ziko kwenu. Fedha iliingia akaunti ya kijiji, waliosaini kutoa ni watu wa kijijini, na risiti anazo katibu wa kamati ya manunuzi. Kaeni mapokezi na manunuzi meza moja, mstari kwa mstari, kilicholipiwa dhidi ya kilichopokelewa. Mkikuta milango minane imelipiwa na miwili ndiyo imekuja, hilo ni jambo moja. Mkikuta imelipiwa miwili tu kwa sababu bei ya nondo ilipanda ikala fedha ya milango, ni jambo jingine kabisa, na huko ndiko miradi mingi inakofia bila mtu kuiba kitu. Makadirio yanaandikwa kwa bei ya mjini, halafu saruji inavushwa maji.

Mkishalinganisha, ombeni isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila miezi mitatu serikali ya kijiji inapaswa kuwasomea wananchi mapato na matumizi. Hilo si fadhila.

---

Binti Kisiwani alijibu:

Nakubaliana na mzee, naongeza kuhusu barua. Usiandike "tunapinga asilimia 85". Ukibishania asilimia watakuletea mchumi aeleze asilimia mpaka mlale. Orodhesha vitu: dari haipo, milango mingine haipo, choo kimechimbwa hakijajengewa, kichomea hakijaanza, shimo la kondo halijaanza, fedha iliyobaki ni hii. Halafu ombi moja tu, mhandisi wa halmashauri aje apime kazi iliyofanyika na aandike kwa saini yake kinachohitajika kumalizia.

Barua ipitie Kamati ya Maendeleo ya Kata ili iingie kwenye muhtasari wa kata. Bila hapo diwani wako hana mahali pa kuisimamia barazani, atasema aliambiwa njiani. Mkiona inazungushwa, mnaweza kuomba makadirio na taarifa za malipo kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 za kujibu. Ila anzeni kwa upole, mpeni diwani nafasi. Mwambie mgao wa mwakani unakwenda penye hoja iliyoandikwa vizuri, hilo atalielewa haraka.

---

Robo ya Nne alijibu:

Na muwahi. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Ile 7.5 ikibaki kwenye akaunti bila mpango, mtaanza kuandikiana barua za bakaa, yaani fedha iliyovuka mwaka, mpaka mvua za vuli. Ipelekeni kwenye kitu kimoja kinachokamilika. Mimi ningeanza na choo na shimo la kondo, bila hivyo hata mganga mkuu wa wilaya hawezi kuruhusu pafunguliwe. Dari inaweza kuingizwa kwenye mapato ya ndani ya bajeti ijayo, kama diwani wenu atasema mapema.

---

Mama Furu alijibu:

Tumekaa leo mapokezi na manunuzi, chini ya mwembe wa mwenyekiti. Milango iliyolipiwa ni miwili. Ni kama mzee alivyosema, fedha ya mingine iliingia kwenye usafiri wa saruji na nondo, risiti za mtumbwi zipo zote zimeandikwa kwa mkono. Hakuna aliyekula. Mtendaji wa kijiji alikuwa amekunja uso tulipoanza, tulipomaliza ndiye aliyeomba nakala.

Barua imeandikwa, inasainiwa na wenyeviti wa kamati zote tatu. Kikao cha kata kinakaa wiki ijayo. Mzee, nakala nipeleke kwa nani zaidi ya mkurugenzi?

---

Karani Mstaafu alijibu:

Kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa sababu zahanati itakuwa yake, na kwa mkaguzi wa ndani. Yako moja ipigwe muhuri wa masjala siku unayoipeleka, yenye tarehe. Usikubali kuambiwa iache tu mezani.